Kiapo Kilichooshwa

Kidole changu ndicho kilichojua kwanza. Nilikuwa nimefumba macho, kama ninavyofanya siku zote ninapoosha miungu, kwa sababu mama alinifundisha kwamba mungu haoshwi huku amekodolewa macho. Kitambaa kikapita juu ya lile bamba la udongo na kuteleza. Hakikupaswa kuteleza. Tangu bamba liletwe, upande wake wa nyuma ulijaa alama ndogondogo zenye ncha, na kitambaa kilikuwa kinanasa humo kila asubuhi. Siku hiyo hakikunasa. Nikakiweka chini, nikapitisha kidole kikavu, nikakuta pamelainika kama kisigino kilichosuguliwa.

Nilifumbua macho, nikasogeza taa. Mistari kumi na kitu ya chini haikuwapo.

Nilirudi nyuma ghafla mpaka mafuta ya taa yakanimwagikia mkononi. Nisifikiriwe mwoga. Nimemzika mume, nimewalea mabinti watatu peke yangu, na niliwahi kumtimua mwizi wa mbuzi kwa mchi wa kutwangia. Lakini lile bamba lilikuwa kiapo cha mfalme wa Ashuru, na siku nane tu mbele, siku ya mwaka mpya, mwakilishi wake alikuwa anakuja kulisoma mbele ya mji mzima. Kule Haruwa, mji wa jirani, mtu mmoja alikutwa amekwaruza jina la mfalme kwenye jiwe la mpaka. Walimchuna ngozi angali hai, wakaitandika juu ya lango. Mkewe na watoto walipelekwa mashariki kwa miguu, na mpaka leo hatujui walifikia wapi.

Chumba cha ndani cha hekalu letu kiliingiwa na watu watatu tu. Kuhani Sigabari. Mimi Kupapiya, mwosha miungu. Na mdogo wangu Azati, bawabu, aliyeniletea maji ya chemchemi kila alfajiri na kunisaidia kuuinua mtungi mkubwa, kisha kunipokea beseni la maji machafu. Mimi sikuwa nimekwaruza kitu, kwa hiyo walibaki wawili.

Bamba lilikuwa limeletwa miaka mitatu nyuma, limefungwa kwa sufu juu ya mgongo wa nyumbu. Aliyelileta ni Zazaya, mwakilishi, mtu mnene mwenye ndevu zilizosukwa vizuri kuliko nywele za binti zangu. Tulikusanywa uani, wazee, wanawake, hata vikongwe waliobebwa. Karani wake akasoma kwa lugha yao, kisha akatufasiria. Tumlinde mwana wa mfalme atakayerithi kiti. Tukisikia neno baya juu yake, liwe limetoka kwa mgeni, au kuhani, au mtabiri, au ndugu wa tumbo moja, tusilifiche hata siku moja. Atakayelificha ni mwenzake aliyelisema. Tukainua mikono, tukasema ndiyo. Nani angesema hapana, na askari wamejipanga nyuma yetu?

Mwisho karani akasoma kwamba bamba lenyewe tulilinde kama mungu wetu.

"Kama mungu wetu?" Sigabari aliuliza. Kuhani huyu alikuwa akipenda sifa kupita kiasi. Akisifiwa na mbwa, angemshukuru.

"Kama mungu wenu," Zazaya akajibu.

"Basi litaoshwa kila alfajiri kama anavyooshwa mungu wetu bibi Kubaba, na litapakwa mafuta."

Zazaya alifurahi mpaka mashavu yakamwinuka. Hakuna mji mwingine, alisema, uliowahi kutoa heshima ya namna hiyo. Akauchukua mtungi kutoka mikononi mwangu, akamwaga mwenyewe maji ya kwanza juu ya bamba. Watu wakapiga vigelegele. Azati, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliniambia sikioni, "Dada, wametuletea mungu wa udongo. Akivunjika tutamgeuza vigae vya kukaangia."

Nilimkanyaga mguu. Maneno kama hayo ndiyo hasa tuliyokuwa tumetoka kuapa kwamba hatutayaficha.

Azati hakuwa na lijamu mdomoni, na alikuwa na sababu. Mwanawe wa pekee, Panamu, alichukuliwa kuwa askari, akapelekwa kupigana Misri katika vita vya mtu ambaye hata hamjui sura. Hakuwa na habari zake tangu hapo. Kila alfajiri alinifikishia maji kizingitini na utani uleule:

"Mfalme kaoga?"

"Kaoga, nyamaza."

"Umemsugua mgongo?"

Nilikuwa nacheka, na baada ya kucheka nilikuwa naangalia huku na huku kama kuna aliyesikia.

Basi siku ile niliyogundua bamba limefutika, nilitoka na beseni la maji machafu bila kumngoja Azati anipokee, nikayamwaga kwenye shina la mkomamanga uani, kama desturi inavyotaka, maana maji yaliyogusa miungu hayatupwi njiani. Azati alikuwa ameketi langoni anakula mkate na kitunguu.

"Azati."

"Naam, dada."

"Leo hujaniuliza kama mfalme kaoga."

Akatafuna kwa muda mrefu mno kwa mkate mdogo kama ule. "Kwani kaoga?"

"Kaoga."

"Vizuri." Akaangalia pembeni. "Kuhani kaingia humo ndani leo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Si bawabu mimi? Bawabu anauliza nani kaingia."

Hapo ndipo nilipoziona kucha zake. Zilikuwa na udongo, udongo laini wa rangi ya kahawia iliyokolea kama ya bamba, na udongo wa mji wetu ni mweupe. Na mshipini mwake palikuwa na kijiti cha tete kilichochongwa ncha. Nilikwenda nyumbani nikapika dengu, nikaziunguza, nikawalisha binti zangu dengu zilizoungua, na wao kwa kuniona uso wakala bila kulalamika.

Siku tatu nilimwangalia ndugu yangu kama paka anavyoangalia tundu. Alikuwa hatulii. Mchana, jua likiwa utosini na watu wote wamelala, yeye halali. Siku ya nne nilijifanya nimekwenda kwa binti yangu mkubwa, nikarudi kwa mlango wa ghala nikajibanza nyuma ya magunia ya shayiri. Azati akapita. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia chumba cha ndani. Saa ile hana kazi humo. Bawabu haingii humo bila mimi.

Alikaa humo muda wa kuchemsha mayai. Alipotoka alikuwa anafuta mikono kwenye kanzu.

Nilingoja aondoke, nikaingia na taa. Pale palipolainika palikuwa na mikwaruzo mipya, na vumbi la udongo limelala sakafuni chini ya bamba. Nililia pale mbele ya bibi Kubaba, yeye na kioo chake mkononi, jiwe jeusi lililong'aa kwa mikono ya mama yangu na mama yake mama yangu. Nilimlaani Azati. Nilisema, mpumbavu wewe, mwanao hatarudi kwa wewe kukwaruza udongo. Utawaua binti zangu. Nilimkasirikia kwelikweli, na hasira ile naikumbuka, maana ndiyo iliyofanya lililofuata liwe jepesi.

Kesho yake Sigabari aliniita. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha miguu ya simba, anamenya tini, na hakuniambia niketi.

"Kupapiya, mwanangu. Wewe na mimi tunaingia chumba kimoja kila siku."

"Ndiyo, baba."

"Nilipitisha taa jana mbele ya kile kitu." Akatia tini mdomoni. "Zazaya anakuja baada ya siku tatu. Ataniuliza mimi kwanza. Mimi nitasema mwenye mikono juu ya bamba kila siku ni mwosha miungu. Unaona ilivyo? Si kwamba nakutuhumu. Nakuambia tu nitakavyojibu."

"Baba, mimi sijafanya kitu!"

"Basi kuna mtu kafanya. Umeona nini?"

Nilimtazama. Nilikuwa bado namshuku na yeye. Mtu anayemenya tini hali kichwa chake kinaweza kukatwa, ama hana hatia, ama amekwisha kumpata wa kumsukumia. Na mtu huyo nilikuwa mimi. Niliwaona binti zangu watatu njiani kwenda mashariki, yule mdogo hana viatu. Nilikumbuka maneno ya kiapo, ndugu wa tumbo moja, usilifiche hata siku moja, na mimi nilikuwa nimelificha siku moja tayari.

"Nimemwona Azati akitoka humo," nikasema. "Saa ya mapumziko. Peke yake. Alikuwa na udongo mikononi."

Sigabari akaacha kumenya. "Mdogo wako?"

"Mdogo wangu."

"Umefanya vyema," akasema, na akanipa tini moja. Niliipokea kwa mikono miwili. Nililelewa kupokea kwa mikono miwili.

Alfajiri iliyofuata hakuna aliyeniletea maji. Nilikwenda chemchemini mwenyewe, nikaosha miungu yote, na mwisho bamba. Nililiosha kwa hofu, polepole, kitambaa kimelowa. Kwa kuwa Azati hakuwapo kunipokea beseni, nililibeba mwenyewe hadi uani, na kwa kuwa lilikuwa zito nililiweka kwanza chini, juani, nipumzike.

Maji yalitulia. Chini ya beseni pakajikusanya tope laini, rangi ya kahawia iliyokolea.

Nilichovya kidole. Nikakisugua kwa kidole gumba.

Mtu yeyote mwenye nyumba ya matofali mabichi anajua mvua inavyofanya. Kila kiangazi tunapanda juu ya dari kusiliba upya, na mimi mwenyewe nimesiliba tangu nikiwa binti. Lakini lile bamba liliingia mjini na mihuri ya miungu, na askari, na nyumbu aliyevishwa shanga. Lilikuwa gumu, ukiligonga linalia. Sikuwahi hata mara moja kulifikiria kama ukuta. Kila asubuhi kwa miaka mitatu nilikuwa nakichukua kiapo cha mfalme kidogokidogo kwa kitambaa cha kitani na kumwagia mkomamanga.

Nilikimbia. Azati alikuwa amefungiwa kwenye ghala la mafuta, mikono nyuma, na mlinzi wa Sigabari mlangoni. Mlinzi alinijua tangu utoto wake, akaniachia niingie kwa muda mfupi.

"Dada," Azati akasema, na akajaribu kucheka. Mdomo ulikuwa umevimba. "Mfalme kaoga?"

"Azati, ni mimi. Ni maji. Mimi ndiye niliyelifuta!"

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu mwezi uliopita. Si mimi ninayekupokea beseni? Niliona tope. Nikaingia nikatazama, nikasema, haya, dada yangu ameshajichimbia kaburi kwa usafi wake." Alikohoa. "Sikutaka kukuambia. Wewe ukiogopa, uso wako unatangaza kama mpiga mbiu. Nikachonga tete, nikajizoeza kwanza kwenye tope la beseni. Nilikuwa nachora upya."

"Unachora nini? Hujui kusoma!"

"Vinyayo vya ndege. Si ndivyo vilivyo? Kinyayo hiki, kinyayo kile. Nimetazama ile ya juu, nikaiga. Udongo umekauka, unachimbika vibaya, lakini nimefika mstari wa saba. Yule Zazaya haoni vizuri, na humo ndani giza. Nilisema labda atapita."

Nilimshika kichwa, nikakiweka kifuani kwangu kama alipokuwa mdogo ana homa.

"Kuna mtu aliniona," akasema. "Nani kanisema, dada? Wewe uko hapa siku zote. Nani?"

"Sijui," nikasema.

Hilo ndilo neno nililomwambia. Nimelirudia kichwani mara nyingi kujaribu kulipa sababu, na sababu ni kwamba niliogopa macho yake.

Zazaya alifika siku iliyofuata, mapema kwa siku moja kuliko tulivyomtarajia. Nadhani alifanya hivyo makusudi, kila mwaka. Aliketishwa uani chini ya mkomamanga, akaletewa divai na komamanga lililohifadhiwa kwenye majani makavu tangu mavuno. Alilipasua, akala punje moja moja, akasema komamanga za hekalu hili ni tamu kuliko zote katika jimbo. Nilimtazama akila. Nilikuwa najua mti ule ulinyweshwa nini.

Kisha tukaingia ndani. Zazaya, karani wake mwembamba, Sigabari, mimi na beseni langu, na Azati amesukumwa mbele, mikono imefungwa. Nje wazee wa mji walikuwa wanangoja kuinua mikono.

Zazaya alisogeza taa mbele ya bamba. Akainama. Akalizungusha upande wa pili, juu ya kigingi lililosimamishiwa.

"Hii nini?"

"Bwana mkubwa," Sigabari akasema, "uovu umegunduliwa na mwovu amekamatwa, kabla hata hujaja. Huyu bawabu. Mwanawe yuko vitani na ana kinyongo. Alikuwa akiingia mchana kukwaruza."

"Shahidi?"

"Shahidi ni mwaminifu kuliko wote. Kiapo kinasema usimfiche ndugu wa tumbo moja, na hakumficha. Dada yake mwenyewe, huyu hapa."

Azati aligeuka. Sikuweza kuangalia kwingine. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau, kisha akatazama sakafu.

"Ni kweli, mama?" Zazaya akaniuliza.

"Ni kweli nilimsema," nikasema. "Lakini si yeye aliyefuta. Ni mimi."

"Kupapiya!" Sigabari akafoka.

"Niache niseme, baba, umekwisha kusema wewe." Nililisukuma beseni mbele kwa mguu, maji yakayumba, tope likaonekana kwenye mwanga wa taa. "Hiki hapa kiapo, bwana mkubwa. Cha jana. Cha miaka mitatu kiko kwenye mkomamanga. Tuliambiwa tulilinde kama mungu wetu. Sisi mungu wetu tunamwosha kila alfajiri. Mungu wetu ni jiwe. Huyu wenu ni udongo."

"Hukujua maji yanafanya nini kwa udongo?"

"Kwa udongo nilijua. Kwa mungu sikujua."

Karani alikuwa na kibao cha nta mkononi, anaandika. Kalamu yake ikasimama.

"Ndugu yangu alikuwa anajaribu kuziba," nikasema. "Vinyayo hivyo ni vyake. Hajui kusoma. Alikuwa ananificha mimi. Kama ni kumchuna mtu, nichune mimi, lakini niulize kwanza nani alimwaga mtungi wa kwanza. Watu wote wa mji walikuwa uani, bwana mkubwa. Walipiga vigelegele."

Nilijua nilichokuwa nakisema. Sikukisema kwa ushujaa, nilikisema kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Zazaya alitazama kalamu ya karani wake. Karani alitazama kibao. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hata hawa wawili, waliosafiri pamoja, waliolala hema moja, kila mmoja alikuwa anapima mwenzake atasema nini wakifika nyumbani.

"Wewe," Zazaya akamwambia karani. "Mwaka jana ulisoma hapa. Lilikuwa zima?"

Karani akashusha kibao. "Mistari ya chini ilikuwa imefifia, bwana."

"Ukaisomaje?"

"Kwa kichwa. Nimesoma kiapo hiki katika miji kumi na mitano."

"Na ulimwambia nani?"

"Hakuna, bwana."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, bwana."

Nadhani Sigabari alikumbuka ni nani aliyetoa wazo la kuosha. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na nakiri nilifurahi kuliona.

Zazaya alichukua kibao cha nta kutoka mkononi mwa karani. Akaisugua nta kwa kidole gumba chake kinene mpaka maandishi yakaisha, akamrudishia.

"Taa za humu ni mbaya," akasema. "Macho yangu nayo si mazuri. Mimi naona bamba zima. Kuna anayeona vingine?"

Hakuna aliyeona vingine.

"Kuanzia leo mafuta tu. Maji hapana. Mfungueni huyo."

Bamba likatolewa na kuwekwa mlangoni, mbele ya watu. Karani akasoma. Sauti yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa, na kidole chake kikawa kinashuka mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma kweli. Alikifikisha chini, pale palipolainika, akapita juu ya vinyayo vya ndege vya Azati, na hapo ndipo aliposema yale maneno ya mgeni, na kuhani, na mtabiri, na ndugu wa tumbo moja, usilifiche hata siku moja. Mji mzima ukainua mikono. Sigabari akainua ya kwake juu kuliko wote.

Azati alikuwa amesimama ng'ambo, karibu na lango, alama za kamba zingali nyekundu mikononi mwake. Na yeye akainua. Alikuwa ananitazama mimi.

Miaka tisa imepita. Binti zangu wameolewa, hakuna aliyekwenda mashariki. Panamu alirudi kutoka Misri na mguu mmoja, na babake alichinja kondoo, na watu wote walialikwa, na mimi pia, lakini kwa mdomo wa mke wa Azati. Zazaya alihamishwa. Aliyekuja baada yake hutazama mihuri ya juu tu, na anaipenda divai yetu.

Kila alfajiri nalipaka bamba mafuta kwa kidole. Mistari saba ile naijua yote, kinyayo kwa kinyayo, ulipo ule alioanza kwa nguvu mno ukapasuka, na ule wa mwisho alioukatiza katikati. Halafu nafungua mlango kuchukua maji ya miungu mingine. Mtungi uko kizingitini, umejaa, umefutwa vizuri pembeni, na Azati amekwisha kunipa mgongo anarudi langoni kwake. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Hajawahi pia kuniuliza tena kama mfalme kaoga.